NANI APIME UGALI?

Mazungumzo ya ibada ya redio. Masomo: Danieli 1:8–16 na 1 Wakorintho 7:3–5

  Najua wengine wenu mmeshika vikombe vya chai. Msiviweke chini. Endeleeni kunywa, maana neno letu la leo linatoka mezani na litaturudisha mezani.

Mara nyingi tunapozungumza juu ya ugomvi katika ndoa, tunataja pombe, fedha, wakwe au shamba. Mambo hayo huletwa mbele ya wazee wa kanisa, nasi huyaombea. Lakini uko ugomvi mwingine ambao hauletwi kwa mtu yeyote, kwa sababu wenye nao huona haya kuutaja. Mtu atamwambiaje mchungaji wake, "Mimi na mke wangu hatusemezani kwa ajili ya ugali"? Anaogopa kuchekwa. Kwa hiyo ananyamaza, na ugomvi unabaki jikoni kama makaa chini ya majivu.

Hebu tuitazame nyumba moja, nayo iwe mfano wa nyumba nyingi. Baba wa nyumba hiyo amepita miaka hamsini. Kwa miezi kadhaa amekuwa akichoka bila sababu. Usiku anaamka mara nne au tano kwenda haja ndogo, na kiu haimwishi. Mkewe amemsihi mpaka amekubali kwenda kliniki. Huko amepimwa damu, akaambiwa ana ugonjwa wa sukari, na presha yake pia iko juu. Amepewa dawa. Ameambiwa apunguze ugali, mafuta na chumvi, na aongeze mboga. Mkewe alikuwa ameketi kando yake, naye aliyashika maneno ya daktari yote kama mtu anayejiandaa kwa kipaimara.

Jioni ile ile mama akapakua chakula. Ugali ambao siku zote ulikuwa mlima, leo ulikuwa kichuguu. Mboga zilijaa nusu ya sahani. Nyama ilikuwa vipande viwili. Baba akaitazama sahani, kisha akamtazama mkewe.

"Mama watoto, sahani hii ni ya mtoto gani?"

"Ni yako, baba. Si tulimsikia daktari wote wawili?"

"Daktari alisema nipunguze. Hakusema ninyimwe."

"Mimi nakunyima? Mimi niliyekuamsha saa kumi na moja twende kliniki?"

Baba akala kimya, akaondoka mezani bila kusema asante. Kesho yake, alipotoka kazini, alipita hotelini pale sokoni. Akala chapati mbili na maharagwe, akateremshia na soda. Kisha akaenda nyumbani, akaketi mbele ya ile sahani ndogo kama mtu mtakatifu. Mama akamshukuru Mungu moyoni kwamba mumewe amekubali. Waliporudi kliniki baada ya wiki kadhaa, sukari ilikuwa imepanda kuliko mara ya kwanza. Mama akashangaa. Baba akatazama dirishani.

Msikilizaji mpendwa, katika nyumba hiyo nani mwenye makosa? Usijibu haraka. Akina mama wengi wanaonisikiliza wamekwisha kumhukumu baba. Akina baba nao wanasema, "Mwanamke gani huyu anayempimia mumewe chakula kama kifaranga?" Kabla hatujahukumu, tusikilize kile ambacho kila mmoja wao alikisikia.

Mke aliposikia neno "sukari", hakusikia habari ya chakula. Alisikia habari ya kifo. Amewaona watu wa kijiji chao waliopoteza macho kwa ugonjwa huu, na wengine waliokatwa mguu kwa kidonda kidogo kisichopona. Alipokuwa akipunguza ugali, mkono wake ulikuwa unatetemeka kwa hofu ya kubaki mjane. Lakini hofu hiyo hakumwambia mumewe. Alimwekea sahani tu.

Mume naye alipoiona sahani, hakuona habari ya afya. Aliona heshima yake imepunguzwa. Ninyi mnajua desturi zetu. Mgeni akija, tukimpa sahani ambayo haikujaa, tumemtukana. Kule magharibi mwa nchi yetu, kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye nyumba, na mke akimpa mtu mwingine, hapo kuna kesi. Kwa vizazi vingi sahani imekuwa ikisema yale ambayo midomo haikuzoea kuyasema. Mume wa Kiafrika hakuambiwa kila siku, "Nakupenda." Aliwekewa mlima wa ugali, akaelewa. Basi siku mlima ulipoondolewa bila maneno, alielewa pia, lakini alielewa vibaya.

Tena kuna maneno ya watu. Kwa miaka mingi tumemsifu mwenye kitambi kwamba mambo yake ni mazuri. Halafu katika miaka ya 1980 na 1990, UKIMWI ulipotuvamia, tulijifunza kumwogopa mtu anayekonda. Hata leo, mtu akipungua uzito, majirani wananong'ona. Na kwa mke neno ni moja tu: "Huyu mama hamlishi mumewe." Kwa hiyo yako pia majumba ambamo mambo yamegeuka: mume anataka kula kidogo, na mke ndiye anayelia, anamrundikia chakula, na akikibakiza anamwuliza, "Umekula kwa nani?"

Mnaona sasa kwamba ugomvi wa sahani ni ugomvi wa hofu na heshima. Ndiyo sababu hauponywi kwa mizani peke yake. Daktari anaweza kutuambia kiasi gani kinatufaa. Lakini ni nani atakayekipima, na atakipima kwa moyo gani, hilo ni jambo la ndoa, na Neno la Mungu lina la kusema juu yake.

Tuanze na Mtume Paulo. Katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya saba, anawaandikia watu waliooana jambo ambalo kwa siku zile lilikuwa la ajabu. Anasema kwamba mwili wa mke si wa mke peke yake, bali mume ana haki juu yake. Hapo wanaume wa Korintho walitikisa vichwa wakasema, "Amina." Lakini Paulo hakuweka kalamu chini. Aliendelea kusema kwamba vivyo hivyo mwili wa mume si wa mume peke yake, bali mke ana haki juu yake. Tena akasema wasinyimane, isipokuwa wamepatana, na iwe kwa muda.

Najua kwamba hapo Paulo anasema habari za kitanda, hasemi habari za jiko. Lakini je, mwili unaolala kitandani si ule ule unaoketi mezani? Ikiwa mke ana haki juu ya mwili wa mumewe, basi mume hawezi kusema, "Tumbo ni langu, niache nile nife." Mwili anaotaka kuuharibu una mwenyewe mwingine. Na ikiwa mume naye ana haki juu ya mwili wa mkewe, bado wote wawili wamefungwa na lile neno la katikati: kupatana. Haki hiyo haikupewa mmoja ili awe askari wa mwenzake. Mke aliyempunguzia mumewe chakula alikuwa na haki ya kuhangaika juu ya mwili ule. Lakini hakutafuta mapatano. Mume aliyekwenda kula hotelini kwa siri naye aliuibia mwili ambao nusu yake ni ya mkewe.

Habari ya siri jikoni si ngeni katika Maandiko. Mnamkumbuka Rebeka katika kitabu cha Mwanzo, sura ya ishirini na saba. Alimjua mumewe Isaka kwamba anapenda nyama ya mawindo. Akapika wana-mbuzi kwa ufundi hata mzee asitambue. Chakula kilikuwa kitamu, lakini nyumba ile ilipasuka vipande viwili, na Yakobo akakimbilia nchi ya mbali. Sahani yenye hila, hata ikiwa na nia njema, hailishi nyumba. Na hoteli ya siri ni ndugu ya jiko la Rebeka. Wazee wetu walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua.

Sasa tumtazame Danieli. Alikuwa kijana mateka katika nyumba ya mfalme wa Babeli, akawekewa chakula cha mfalme kila siku. Hakukikataa kwa ajili ya sukari wala presha. Alikikataa kwa sababu hakutaka kujitia unajisi mbele za Mungu wake. Lakini nataka tuiangalie njia aliyoifuata, kwa maana ni njia ya hekima kwa kila mtu anayetaka kubadilisha chakula bila kubomoa nyumba.

Kwanza, Danieli aliomba. Hakupiga meza. Hakumwambia mkuu wake, "Ninyi Wababeli mnakula vibaya." Yule mkuu alikuwa na hofu yake: vijana wakikonda, mfalme atamkata kichwa. Danieli hakuidharau hofu hiyo. Alitafuta njia ambayo hata mwenye hofu angeweza kuikubali.

Pili, aliweka muda. Alisema siku kumi. Si maisha yote, siku kumi tu. Mtu akiambiwa, "Kuanzia leo hutakula nyama tena mpaka kaburini," moyo wake unaasi. Lakini siku kumi hata mtu mgumu anaweza kuzijaribu. Paulo alisema kupatana na muda. Danieli alifanya yote mawili kabla Paulo hajazaliwa.

Tatu, hakula peke yake. Walikuwa vijana wanne, na wote wanne walikula chakula kimoja. Hili ni neno kubwa kwa nyumba zetu. Ukimwekea mgonjwa mboga peke yake, na watoto wakawa wanatafuna nyama ya kukaanga mbele ya macho yake, umemtenga kama mwenye ukoma. Chakula kinachomfaa mwenye sukari, yaani mboga nyingi, mafuta kidogo, chumvi kidogo, maharagwe, samaki, matunda kwa kiasi, ni chakula kinachoifaa nyumba nzima.

Nne, alikubali kupimwa. Alisema, baada ya siku hizo tutazame, kisha amua kama uonavyo. Na siku kumi zilipotimia, Biblia inasema nyuso zao zilikuwa nzuri, nao walikuwa wamenenepa kuliko wale waliokula chakula cha mfalme. Basi, akina mama mnaoogopa majirani, Danieli hakuaibisha jiko la mtu.

Katika Biblia ya Kiswahili ambayo wengi wetu tulikua nayo, chakula alichoomba Danieli kimeandikwa kuwa ni mtama. Tafsiri nyingine zinasema mboga. Mimi ninapenda lile neno mtama, kwa sababu linatukumbusha jambo tulilolisahau. Mzee mmoja akiambiwa apunguze ugali mweupe, hujibu, "Hiki ndicho chakula cha baba zetu." Je, ni kweli? Mahindi hayakuota hapa tangu Edeni. Yalitoka Amerika, yakaletwa pwani yetu na Wareno, na huku bara hayakuwa chakula kikuu mpaka karne ya 20. Mbegu ya mahindi chotara iliyotoka kituo cha utafiti cha Kitale ilianza kugawiwa wakulima mwaka 1964. Babu wa babu zetu walikula wimbi, mtama, mawele, kunde, ndizi na viazi vikuu, pamoja na mnavu, mchicha, sagaa na mrenda. Tena walilima kwa jembe na kutembea kwa miguu kutwa nzima. Sisi tumeuchukua ugali, tukaukoboa ukawa mweupe, tukaukuza ukawa mlima, halafu tukapanda matatu kwenda kuketi ofisini.

Simaanishi kwamba ugali ni dhambi. Mungu alituumbia chakula tukipokee kwa shukrani. Lakini ni vema tujue kinavyofanya kazi mwilini. Wako wanaosema, "Mimi nimeacha sukari kwenye chai, sasa niachieni ugali wangu." Ndugu yangu, ugali hauna utamu wa sukari mdomoni, lakini ukifika tumboni wanga wake huvunjwa ukawa sukari na kuingia katika damu. Katika mwili mzima, insulini huifungulia sukari hiyo mlango iingie katika viungo ikawe nguvu. Kwa mwenye ugonjwa huu, mlango hufunguka kwa shida, na sukari inarundikana katika damu, ikiharibu mishipa ya macho, ya figo na ya miguu polepole. Ugali wa wimbi nao hugeuka sukari. Una makapi yanayousaidia mwili, lakini mlima wa ugali wa wimbi bado ni mlima.

Wala jambo hili si la nyumba moja au mbili. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa hapa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na presha iliyopanda. Juu ya chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, tukihesabu ile ya mboga, ya mkate, na ya vile vikolezo vya pakiti. Na chupa ya kawaida ya soda, ya mililita 300, huwa na sukari ya vijiko kama vinane vya chai. Hebu mtazame mtu akitia vijiko vinane katika kikombe chake, mtampokonya kijiko. Lakini katika harusi na matanga yetu tunampa mgeni chupa mbili na kusema tumemheshimu.

Nani basi apime ugali? Nitawapa kipimo ambacho hakinunuliwi dukani. Wataalamu wa lishe hutufundisha kupima kwa mkono. Ugali, au wali, au viazi, uwe kama ngumi yako. Nyama au samaki iwe kama kiganja chako bila vidole. Mboga za majani zijaze viganja vyako viwili vilivyounganishwa, hata zikalie nusu ya sahani. Mafuta yawe kama ncha ya kidole gumba. Na zingatieni neno hili: ngumi inayopima ni ya mlaji, si ya mpishi. Baba mwenye mkono mkubwa atakuwa na ngumi kubwa, na mama atakuwa na yake, na mtoto yake. Mungu alimpa kila mtu kipimo chake, akakifunga mwishoni mwa mkono wake.

Kwa hiyo nashauri hivi. Mama, usipakulie tena chakula gizani jikoni na kumletea mumeo hukumu iliyokwisha kukatwa. Lete ugali mezani juu ya sinia, na mboga katika bakuli. Baba, weka ngumi yako kando ya ugali, ukate mwenyewe, mkeo akiwa shahidi. Kisha mkeo naye akate wake, wewe ukiwa shahidi. Hapo hakuna aliyenyimwa, wala hakuna askari. Na tangu leo ngumi katika nyumba ya Mkristo iwe na kazi moja tu, ya kupima ugali. Kuleni polepole mkizungumza, maana tumbo huchukua kama dakika ishirini kuueleza ubongo kwamba limeshiba. Anayekula kwa kasi humaliza sahani ya pili kabla ya habari za sahani ya kwanza kufika. Wahenga walisema, mla kwa miwili hana mwisho mwema.

Lakini kabla ya ugali, pakueni maneno. Mama, mwambie mumeo ile hofu yako. Usiseme, "Daktari amekataza." Sema, "Baba watoto, naogopa kubaki peke yangu. Nataka tuwaone wajukuu pamoja." Baba, nawe mwambie mkeo lile linalokuuma. Usiseme, "Chakula gani hiki?" Sema, "Nilipoona sahani ndogo, nilijiona mdogo." Maneno hayo ni magumu kuliko kufunga siku tatu, lakini yakisemwa mara moja, ugali unarudi kuwa ugali.

Sasa nina neno kwa wale akina baba ambao mpaka hapa wamekuwa wakicheka. Yako majumba ambamo mume ndiye anayepima. Mkewe amezaa watoto wanne au watano, mwili umeongezeka, naye mume anahesabu chapati zake mbele ya wageni. Anasema, "Huyu mama wa kwangu, mlango utabidi tuupanue," na wageni wanacheka. Yeye mwenyewe Ijumaa jioni yuko mjini anakula nyama choma na rafiki zake, na fedha za kununua machungwa na mboga nyumbani hazipatikani. Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya tatu, anawaonya waume wakae na wake zao kwa akili na kuwapa heshima, ili maombi yao yasizuiliwe. Ndugu, huenda unajiuliza kwa nini maombi yako hayapandi. Labda yamezuiliwa na ile mizaha ya mezani. Kama unahangaika kwa kweli juu ya afya ya mkeo, mchukue mtembee naye jioni. Nunua mboga. Acha nyama ya mjini, uilete nyumbani mle wote. Na umchunguze vizuri: katika nyumba nyingi mama ndiye anayekula mwisho, akisimama, akimalizia ukoko wa sufuria na mabaki ya watoto. Huyo huwezi kumwambia habari za kipimo kabla hujampa kwanza kiti mezani.

Nina onyo moja pia, na tafadhali mlishike. Kama mgonjwa wenu anadungwa insulini au anameza dawa za sukari, msimpunguzie chakula ghafula, wala asikose mlo au kufunga, bila kumwuliza daktari. Sukari ikishuka mno, mtu hutetemeka, hutoka jasho, huona kizunguzungu, hata huweza kuzimia. Mapatano ya nyumbani ni ya watu wawili, lakini katika jambo hili daktari aketi nanyi kama wa tatu. Mwendeeni pamoja, mmwulize maswali pamoja, ili mmoja asirudi nyumbani akiwa msemaji wa daktari na mwingine mshtakiwa.

Na sisi wa kanisani tusijitoe. Mchungaji akija, sahani inajazwa hadi inamwagika. Kamati ikikutana, ni mandazi na soda. Akina mama wa kanisa, ninyi mna mamlaka makubwa kuliko mnavyojua. Mkianza kutuandalia mchicha, maharagwe na ndizi, na maji safi ya kunywa, mtawaokoa wazee wengi, na hakuna mgeni atakayesema ametukanwa, kwa kuwa chakula kimetoka mikononi mwenu.

Mwisho, wapendwa, iko meza moja ambayo sote tunaijua. Jumapili tunapokwenda mbele na kupiga magoti, mwenye shamba kubwa na mjane hupiga magoti bega kwa bega. Kila mmoja hunyosha mkono. Kila mmoja hupewa kipande kidogo, sawa na cha mwenzake. Sijamwona mtu akirudi kitini akilalamika kwamba cha jirani kilikuwa kikubwa zaidi. Kwa nini? Kwa sababu tunajua ni nani aliyetupa, na alitupa kwa upendo wa namna gani. Upendo ukijulikana, kipande kidogo kinatosha. Usipojulikana, hata mlima wa ugali unaacha njaa. Mwandishi wa Mithali aliliona jambo hili alipolinganisha mlo wa mboga penye upendo na ng'ombe aliyenona penye chuki, akauchagua mlo wa mboga.

Basi leo jioni, ninyi wawili mnaonisikiliza, mmoja wenu aanze. Asingoje mwenziwe. Aseme, "Tujaribu siku kumi, mimi na wewe." Ziandikeni kwenye kalenda. Siku ya kumi na moja, ketini mtazame pamoja: mwili unasemaje, kipimo kinasemaje, na amani ya nyumba inasemaje. Kisha mpatane siku kumi nyingine.

Tuombe. Ee Baba yetu wa mbinguni, unayetupa chakula chetu cha kila siku, twakushukuru kwa mikono inayolima, na mikono inayopika. Uwatazame mume na mke ambao asubuhi hii hawasemezani. Uiondoe hofu ya mmoja, na uiponye aibu ya mwingine. Uwape wagonjwa wetu subira, na madaktari wetu hekima. Utufundishe kula kwa kiasi na kupenda bila kiasi, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.